Mwanafunzi anaposema "sijalewa, nimechangamka tu"

Mhariri,

Muulize mwanafunzi yeyote wa chuo kikuu kama ni sawa mtu aliyelewa ashike usukani. Atakujibu kabla hujamaliza swali: hapana, huo ni uuaji. Muulize tena, je, aliyekunywa chupa 2 kisha akakaa saa moja? Hapo jibu linaanza kuchechemea. Inategemea mtu, inategemea kama amekula, inategemea anakwenda umbali gani. Na aliyevuta msokoto jioni? Wengi watatabasamu. Bangi si pombe, watakuambia. Mvutaji huendesha taratibu.

Katika majibu hayo matatu ndimo lilimo suala zima, na ndipo matangazo mengi ya usalama barabarani yanapolipita kando. Yanamhubiria mwanafunzi jambo ambalo ameshalikubali. Msimamo dhidi ya "ulevi barabarani" anao tele. Asichonacho ni kipimo. Kiswahili chenyewe kinamsaidia kujificha: mtu ameonja, amechangamka, ameshika stimu, amelewa, amelewa chakari, yuko tilalila. Kila mmoja hujiweka ngazi mbili chini ya ile ambayo wenzake wanamwona amesimama. Neno "mlevi" ni la mtu mwingine siku zote.

Tofauti kati ya pombe na bangi katika fikra za wanafunzi imepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la JAMA Pediatrics uliwahoji wanafunzi 315 wa mwaka wa kwanza, wenye umri wa miaka 18 hadi 20, katika vyuo vikuu 2 vya umma nchini Marekani. Miongoni mwa wavulana waliokunywa pombe katika mwezi uliotangulia, asilimia 12 walikuwa wameendesha gari baada ya kunywa. Miongoni mwa wavulana waliotumia bangi, walioendesha baada ya kuvuta walikuwa asilimia 43.9. Kwa wasichana ilikuwa asilimia 2.7 kwa pombe na 8.7 kwa bangi. Waliokubali kupanda gari la dereva aliyevuta walikuwa wengi zaidi: zaidi ya nusu ya wavulana watumiaji na zaidi ya theluthi ya wasichana. Vijana ni walewale na magari ni yaleyale, lakini aibu iliyojengwa juu ya pombe kwa miaka mingi ya sheria, vipima pumzi na kampeni haikuhamia kwenye bangi. Imebaki kwenye chupa.

Tuanze na pombe, maana hesabu yake ni wazi na karibu kila mtu huikosea.

Uzito wa pombe halisi iliyomo katika kinywaji hupatikana kwa kuzidisha mililita za kinywaji kwa asilimia ya kilevi, kisha kwa 0.789, ambao ni uzito wa mililita moja ya pombe kwa gramu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina mililita 25 za pombe, yaani takribani gramu 20. Glasi ya mvinyo ya mililita 150 yenye asilimia 13 ina gramu 15. Kipimo cha mililita 40 cha pombe kali ya asilimia 40 kina gramu 12 na nusu hivi. Lakini kwenye sherehe za wanafunzi nani anabeba kipimo? Pombe kali inamiminwa kwa jicho kwenye kikombe cha plastiki, halafu soda inajazia. Ukichukua kikombe cha mililita 250 na kumimina pombe kali hadi theluthi moja, umeweka gramu 26, zaidi ya chupa ile ya bia. Mwenye kikombe atakuambia amekunywa "moja".

Gramu hizo zikiingia mwilini hugawanyika katika maji ya mwili. Erik Widmark wa Sweden aliiweka hesabu hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mpaka leo wataalamu wa mahakama wanaitumia: gawanya gramu za pombe kwa uzito wa mwili, uliozidishwa kwanza kwa kigezo cha wastani wa 0.68 kwa mwanamume au 0.55 kwa mwanamke. Mvulana wa kilo 70 akinywa chupa 2 za bia tulizozitaja, hesabu inampa gramu 0.84 kwa lita ya damu. Msichana wa kilo 55 aliyeketi meza hiyohiyo, chupa zilezile 2, hesabu inampa gramu 1.3. Ini huondoa wastani wa gramu 0.15 kwa kila lita ya damu kwa saa. Baada ya saa 2 tangu waanze kunywa, mvulana amebakiwa na gramu 0.5 hivi na msichana ana gramu 1. Katika nchi nyingi mwisho unaoruhusiwa ni gramu 0.5, katika nyingine ni 0.8, Sweden na Norway ni 0.2. Kwa hiyo ile kanuni ya vyuoni kwamba "chupa 2 hazina neno" inamfikisha mmoja kwenye mstari na kumvusha mwenzake mbali, na wote wawili wanaamini wamekunywa kwa kiasi.

Hapa tuweke onyo. Vigezo hivyo ni vya wastani. Watu wa uzito sawa hutofautiana kwa mafuta na maji ya mwili, na kasi ya ini huanzia gramu 0.10 kwa lita kwa saa kwa mmoja hadi 0.20 kwa mwingine. Hesabu hii inafaa kumwonyesha mwanafunzi kwamba amekosea, haifai kumpa kibali cha kuendesha. Programu za simu zinazodai kukuambia "sasa unaweza kuendesha" zinatumia hesabu hiyohiyo na wastani uleule, tena zinategemea idadi ya vinywaji iliyoingizwa na mtu ambaye tayari anakunywa.

Asubuhi ya pili yake ndipo pana hatari ambayo hata wanafunzi makini hawaioni. Mchukue mvulana yule wa kilo 70 aliyekunywa chupa 5 kuanzia saa 2 usiku. Jumla ni gramu karibu 99 za pombe, ambazo kwa hesabu ni gramu 2.07 kwa lita. Akilala saa 6 usiku akaamka na kuelekea kwenye kipindi cha saa 2 asubuhi, zimepita saa 12. Kama ini lake ni la wastani, bado ana gramu 0.27. Kama ni miongoni mwa wenye ini la taratibu, ana gramu 0.87, zaidi ya kiwango cha karibu nchi yoyote. Amelala, ameoga, amepiga mswaki, amekunywa chai. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoharakisha ini. Usingizi unapitisha muda, basi. Na kwa kuwa usingizi wa mtu aliyekunywa huwa wa vipande vipande, anaamka na pombe na uchovu kwa pamoja. Ukimuuliza kama aliendesha akiwa amekunywa, atakataa kwa moyo safi, kwa sababu kwake kunywa kulikuwa jana.

Kahawa nayo humfanya mlevi awe macho. Haimrudishii mikono.

Kuna jambo jingine la mwili linaloeleza kwa nini kujisikia hakuaminiki. Kwa kiwango kilekile cha pombe, mtu hujihisi amelewa zaidi wakati kiwango kinapanda kuliko kinaposhuka. Mwanasayansi Mwingereza Edward Mellanby aliliona hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita, na wanasayansi bado wanaliita kwa jina lake. Katika kushuka, kizunguzungu na kichekesho vinapungua kabla ya uwezo wa kuendesha kurudi. Uamuzi wa kushika ufunguo hufanywa lini? Mwisho wa sherehe, kiwango kinaposhuka. Kipimo anachokitumia mwanafunzi, yaani hisia yake, kinamdanganya saa ileile anapokihitaji. Waswahili husema mwamba ngoma huvutia kwake. Hapa ngoma yenyewe pia imelegea.

Na si lazima mtu ayumbe ndipo uendeshaji uharibike. Kuanzia gramu 0.2 kwa lita, uwezo wa kufuatilia kitu kinachotembea na wa kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja huanza kupungua. Mwili unaweza kutembea mstari ulionyooka huku jicho limeshachelewa. Kwa kilomita 60 kwa saa gari hukata karibu mita 17 kila sekunde. Mguu ukichelewa kufika kwenye breki kwa sekunde 0.3 tu, gari limekwenda mita 5 za ziada kabla breki haijaanza kushika, na mita 5 ni upana wa njia nzima ya wavukao kwa miguu. Kwenye pikipiki kuna kazi ya kujisawazisha pia, na kona ambayo dereva wa gari angeikosea akabaki barabarani inamtoa mwendesha pikipiki nje. Utafiti mkubwa wa Virginia Beach, Marekani, uliotolewa mwaka 2015, ulilinganisha madereva waliopata ajali na wasiopata. Kwa gramu 0.5 uwezekano wa ajali ulikuwa kama mara 2 ya asiyekunywa, kwa 0.8 kama mara 4, na kwa 1.5 mara 12. Kwa dereva kijana hali ni mbaya zaidi katika kiwango kilekile, kwa kuwa uzoefu wake wa barabara ni mdogo kama ulivyo wa chupa.

Bangi inahitaji mazungumzo ya namna nyingine, na hapa tunawalaumu waelimishaji wenzetu. Mkimwambia mwanafunzi kwamba bangi ni hatari sawasawa na pombe barabarani, atakwenda kusoma mwenyewe na kukuta si kweli, na kuanzia siku hiyo hatawaamini hata kwenye yaliyo kweli. Utafiti uleule wa Virginia Beach, ulipozingatia umri na jinsia ya madereva, haukuona ongezeko la ajali kwa waliokutwa na THC, kemikali ya bangi inayolevya. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na Ole Rogeberg na Rune Elvik wa Norway mwaka 2016 ulikuta ongezeko dogo hadi la wastani, kati ya mara 1.2 na 1.4. Mwingine wa mwaka 2012 katika jarida la BMJ ulikaribia mara 2. Tofauti hiyo ina sababu: kukutwa na THC kwenye damu si sawa na kuwa umelewa bangi wakati huo. Anayevuta kila siku anaweza kukutwa nayo siku kadhaa baada ya msokoto wa mwisho, kwa kuwa THC hujificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka kidogo kidogo. Tafiti zinazomhesabu huyo pamoja na aliyevuta dakika 20 zilizopita lazima zitoe jibu la vuguvugu.

Swali linalomfaa mwanafunzi kwa hiyo ni hili: saa chache baada ya kuvuta, uendeshaji wangu ukoje? Hapo majibu hayana uvuguvugu. Nchini Uholanzi, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2020 kwenye jarida la JAMA, watu 26 walivuta mvuke wa bangi wenye miligramu 13.75 za THC kisha wakaendesha gari kwenye barabara kuu halisi, pembeni akiwa mkufunzi mwenye pedeli zake. Kilichopimwa ni kuyumba ndani ya njia: gari linakwenda kushoto na kulia sentimita ngapi kutoka katikati. Kati ya dakika 40 na 100 baada ya kuvuta, kuyumba kuliongezeka kwa kiasi kinacholingana na gramu 0.5 za pombe. Baada ya saa 4 hadi 5, tofauti haikuonekana tena.

Kisha kuna jaribio la San Diego, Marekani, lililochapishwa mwaka 2022, ambalo kila mwanafunzi mvutaji angepaswa kusimuliwa. Watumiaji wa kawaida 191 walivuta kama wanavyovuta nyumbani, wengine bangi yenye THC na wengine isiyo nayo, wakaendesha mashine ya kuigiza gari mara kadhaa. Nusu saa baada ya kuvuta, waliopata THC waliendesha vibaya, na wengi walisita kusema wako tayari kuendesha. Ilipofika saa 1 na nusu, walio tayari waliongezeka. Uendeshaji wao haukuwa umeongezeka ubora hata kidogo. Ni baada ya saa 3 na nusu ndipo hali ilikaribia kurudi, na saa 4 na nusu tofauti ilikuwa imekwisha. Tena kiwango cha THC kwenye damu hakikuweza kubashiri nani angeendesha vibaya. Kwa hiyo hisia ya mvutaji hurudi saa 2 kabla ya uwezo wake. Ni ugonjwa uleule wa pombe inaposhuka, umevaa nguo nyingine.

Hoja tatu za wanafunzi kuhusu bangi tunazijua. Ya kwanza, "naendesha polepole". Ni kweli, na majaribio yanathibitisha: aliyevuta hupunguza mwendo na kuacha nafasi kubwa mbele yake, tofauti na mlevi wa pombe anayekanyaga mafuta. Tatizo ni kwamba fidia hiyo inafanya kazi barabara ikiwa tulivu. Inashindwa pale panapotakiwa mambo mawili kwa pamoja au jambo la ghafla: mtoto anakimbilia mpira, gari la mbele linafunga breki, kona inakuja huku simu inaita. Kipimo cha muda kichwani nacho huvurugika, na kukadiria kama gari linalokuja litawahi au halitawahi ni kazi ya muda. Tena mtu anayepunguza mwendo kwa sababu ya bangi amekiri mwenyewe kwamba kuna kitu cha kufidia.

Ya pili ni uzoefu: "nimezoea". Mvutaji wa kila siku kweli hupata ustahimilivu wa sehemu, na baadhi ya makosa hupungua. Lakini wale 191 wa San Diego walikuwa wazoefu.

Ya tatu, "haipimwi". Hii ndiyo inayoongoza kuliko zote, ingawa haisemwi kwa sauti. Kipima pumzi hakioni THC. Lakini vipimo vya mate barabarani si ndoto: jimbo la Victoria nchini Australia lilivianzisha mwaka 2004 na nchi kadhaa zimefuata. Yule anayejitetea kwamba damu yake itakuwa safi kesho anachanganya mambo. Huenda ikawa kinyume: mvutaji wa kila siku akashikwa kisheria siku ambayo hajalewa, na mgeni wa bangi akapita salama akiwa juu kabisa. Udhaifu huo wa kipimo ni hoja ya kurekebisha sheria. Mtu anayevuka barabara haumsaidii chochote.

Bangi ya kula tuitaje peke yake. Ikivutwa, THC hufika kileleni kwenye damu ndani ya dakika kama 10 na mtu anajua amefikia wapi. Ikiliwa kwenye keki au peremende, hupita tumboni na kwenye ini kwanza, na ini huigeuza kuwa kemikali nyingine inayolevya vilevile. Inaanza kushika baada ya dakika 30 hadi saa 2, kilele ni saa 2 hadi 4, na inaweza kudumu saa 6, 8 au zaidi. Makosa mawili hutokea. Mtu anakula kipande, anangoja dakika 45, haoni kitu, anaongeza. Au anakula kipande wakati wa kuondoka, akiamini atafika kabla hakijashika, kisha foleni inamchelewesha na keki inamkuta njiani. Saa 4 tulizozitaja kwa mvuke hapa hazitumiki kabisa.

Kuchanganya ndiko kunakotisha zaidi, na ndiko wanafunzi wengi wanakuona kama suluhisho: pombe inapandisha, bangi inatuliza, mtu anabaki katikati. Katikati hiyo haipo. Madhara hujumlishana, maana kila kimoja kinaondoa fidia ya mwenzake. Aliyevuta peke yake bado ana tahadhari ya kupunguza mwendo. Tone la pombe linamwondolea tahadhari hiyo na kumwachia kuyumba. Pombe pia huongeza kiwango cha THC kinachoingia kwenye damu kutokana na mvuto uleule. Bia moja na msokoto mmoja, vyote "kidogo", vinaweza kumfikisha mtu mahali ambapo kila kimoja peke yake kisingemfikisha, na kipima pumzi kikamwonyesha yuko chini ya mstari.

Sasa, kwa nini kijana msomi, anayeweza kuipiga hesabu ya Widmark kichwani, bado anajipima kwa hisia? Sehemu ya jibu ni kujiamini. Mwaka 1981 mtafiti wa Sweden Ola Svenson alichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa chuo wajilinganishe na madereva wenzao katika kundi lao. Wamarekani asilimia 93 walijiweka kwenye nusu ya juu ya ustadi. Waswidi asilimia 69. Nusu ya juu haiwezi kubeba asilimia 93. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba pombe huharibu uendeshaji, anakubali, akimfikiria dereva wa kawaida. Yeye si wa kawaida.

Sehemu nyingine ni kuwasoma wenzake vibaya. Watafiti Wesley Perkins na Alan Berkowitz walionyesha mwaka 1986, katika chuo kimoja cha Marekani, kwamba wanafunzi waliamini wenzao wanaukubali ulevi kuliko wenzao hao walivyokuwa wanaukubali kweli. Kila mmoja alikuwa na shaka zake, akazificha, akadhani yuko peke yake. Weka hali hiyo kwenye gari lenye viti 5 saa 7 usiku. Abiria 4 wana wasiwasi na dereva. Kila mmoja anawatazama wengine watatu, anaona wametulia, anafunga mkanda. Ndiyo maana tunashikilia kwamba mtazamo wa abiria una uzito kuliko wa dereva. Dereva kipimo chake kimeharibika. Abiria mmoja asiyekunywa cha kwake kiko sawa, na anachokosa ni neno la kusema. Neno hilo lisiwe "umelewa", kwa sababu litaleta ubishi na dereva atajitetea hadi alfajiri. Liwe swali la hesabu: umekunywa ngapi, tangu saa ngapi, umevuta saa ngapi? Halafu ufunguo uombwe kabla hajaketi kwenye kiti, kwa kuwa akishawasha injini hakuna anayeshinda mabishano hayo.

Utaratibu wa dereva wa zamu unajulikana, lakini vyuoni unaharibiwa kwa namna moja: dereva anachaguliwa mwisho wa usiku, naye huwa ni "aliyekunywa kidogo kuliko wote". Huyo si dereva wa zamu, ni mlevi mwenye wastani mzuri. Mteule anapaswa kujulikana kabla ya kinywaji cha kwanza, awe na ufunguo mfukoni mwake tangu hapo, na asivute wala asile keki ya mtu, jambo ambalo makundi mengi husahau kulitaja kwa kuwa kwao "kutokunywa" ni pombe tu. Na kundi lisilo na mtu wa hivyo liamue usafiri kabla ya kutoka, pesa yake iwekwe pembeni. Uamuzi uliofanywa saa 1 jioni na kichwa kizima hauhitaji kurudiwa saa 8 usiku na kichwa kisicho kizima.

Baadhi ya vyuo huweka vipima pumzi mlangoni mwa kumbi. Wazo si baya, ila lina mitego mitatu. Pombe iliyobaki mdomoni hupandisha usomaji, hivyo mtu angoje dakika 15 bila kunywa, kutapika wala kusukutua kabla ya kupuliza. Usomaji mdogo dakika 10 baada ya kinywaji cha mwisho unaweza kuwa wa kiwango kinachopanda, na nusu saa baadaye akiwa barabarani kikawa kimevuka mstari. Na wanafunzi hukigeuza kifaa kuwa mashindano ya nani atafikisha namba kubwa; skrini inayoonyesha rangi tu badala ya namba hupunguza mchezo huo. Juu ya yote, taa ya kijani haijui chochote kuhusu bangi, na hilo liandikwe kwenye kifaa chenyewe kwa herufi zinazosomeka gizani.

Mwisho ni madodoso. Uongozi wa chuo ukitaka kujua hali ya wanafunzi wake, usiulize kama kuendesha ukiwa umelewa ni kosa. Karibu wote watasema ndiyo, na ripoti nzuri itaandikwa. Waulizwe hivi: katika siku 30 zilizopita, mara ngapi uliendesha gari au pikipiki ndani ya saa 2 baada ya kunywa pombe kiasi chochote? Mara ngapi ndani ya saa 4 baada ya kuvuta bangi? Mara ngapi ndani ya saa 8 baada ya kuila? Mara ngapi asubuhi iliyofuata usiku wa kunywa chupa 4 au zaidi? Mara ngapi ulipanda chombo cha mtu aliyefanya lolote kati ya hayo? Kila kilevi kiwe na swali lake, maana ukiviunganisha, wavutaji wataliona neno pombe na kuandika sifuri. Karatasi isiwe na jina wala namba ya usajili, isikusanywe na mhadhiri anayesahihisha mitihani yao, na isitolewe katika wiki za mitihani ambapo siku 30 zilizopita zilikuwa za maktaba. Kisha mwishoni liwekwe swali moja la kukadiria: unadhani wenzako wangapi kati ya 10 wangekubali kupanda gari la mtu aliyevuta? Jibu hilo liwekwe sambamba na idadi ya waliosema wao wenyewe wangekubali, na namba zote mbili zibandikwe kwenye mbao za matangazo za mabweni, ijumaa mchana.

Wenu,
Waelimishaji wa afya ya wanafunzi na usalama barabarani